Songea na Nachingwea, Mwendo wa Saa Moja

Mwezi uliopita mtoto wa mwisho wa Salima alinipigia simu kutoka Songea. Alianza vizuri, shikamoo bibi, habari za Dar, magoti yanaendeleaje, nikajua hapo hapo kuna msiba, maana watoto wa siku hizi hawaulizi magoti ya mtu bure. Akasema mama katutoka, tumemzika jana alasiri. Nikamuuliza mbona hamkuniambia mapema. Akajibu kwa ile sauti ya kumbembeleza mzee kwamba walinionea huruma, lakini kweli bibi ungewahi, siku hizi ndege ni mwendo wa saa moja na kidogo tu. Nikamkatia simu. Wajukuu zangu walinigombeza jioni nzima, eti bibi umemkatia mfiwa simu, bibi huna utu. Waache waseme. Wao hawajui maneno hayo niliyasikia wapi mara ya kwanza, na yalimfanya nini mama yake huyo mtoto. Mimi nayajua, na kwa kuwa Salima sasa yuko chini ya udongo, hakuna tena wa kumficha.

Yalikuwa Kariakoo, miaka ya hamsini, mwaka wa mvua ambazo wazee walio hai bado wanazitaja. Sitaeleza nilikotoka wala nilivyofika pale. Nilikuwa nimeachika, sijatimiza miaka ishirini, nakaanga vitumbua alfajiri na kuviuza sokoni, na nilipanga chumba cha pili kushoto katika nyumba ya Bi Hadia. Inatosha. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, juu mabati ya madebe yaliyofumuliwa, vyumba sita vimetazamana, ukumbi katikati, na uani jiko, choo na pipa la maji. Kuta za vyumba hazikufika juu. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwombea afya. Kwa hiyo yote nitakayoyasema niliyasikia kwa masikio yangu, wala sikuwa nimetega, maana katika nyumba ile mtu alihitaji kujitahidi ili asisikie.

Bi Hadia mwenyewe alikuwa Mzaramo mrefu, mwembamba, mjane, na mdomo wake Mungu ndiye ajuaye aliutoa wapi. Alikaa chumba cha mbele kwenye kitanda cha samadari chenye nguzo za shaba, kasha lake miguuni, kioo ukutani, na mkeka ambao mpangaji hakuruhusiwa kuukanyaga. Kila asubuhi alinisimamisha pale mlangoni, anachukua kitumbua, anakimung'unya, ananiambia, "Ndiyo maana uliachwa." Kisha anakula vingine vitatu. Mpangaji mmoja alifiwa na kitoto kichanga, usiku wa kwanza Bi Hadia akamwambia juu ya ukuta alie taratibu, watu wanataka kulala. Nilimchukia. Na bado nilimpikia uji alipougua, nilimgeuza kitandani, nilimfulia, kwa sababu jirani ni jirani, na kwa sababu dada yake, Bi Kidawa, aliyekaa mtaa wa pili, alikuja tu kukaa kitini na kunionyesha ninavyokosea.

Mtu mmoja tu alimweza. Chumba cha mkabala na changu alipanga Mashaka, Mnyamwezi, kuli wa uwanja wa ndege, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, kama kila mtu wa mji huu ajuavyo. Mtani anasema analotaka na hakuna wa kukasirika. Bi Hadia alikuwa akimwona anaingia na kaptula yake ya kazini anaanza, babu zako walibeba pembe za ndovu, na wewe unabeba masanduku ya Wazungu, mmeendelea wapi? Mashaka naye anamjibu kwamba siku ukifa, ewe bibi mifupa, sikubebi, nitakufunga kamba miguuni nikukokote hadi makaburini watoto wakishangilia. Bi Hadia alicheka mpaka akashika mbavu. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Jioni tulikula uani, bada ya muhogo na mchuzi wa papa, au wali siku ya Ijumaa, na Mashaka akitutajia miji ambayo ndege zake zilikwenda, Lindi, Mtwara, Nachingwea, Songea, kama mtu anayetaja shangazi zake. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja.

Salima alikuwa mtoto pekee wa Bi Hadia. Mama alikwisha pokea posa ya mwenye bucha mmoja, mzee wa heshima na vitambi viwili, na binti akamtaka dresa, mfunga vidonda wa hospitali, Mngoni. Mjomba wake Salima akasimama akamwozesha huyo dresa. Bi Hadia hakuhudhuria, na siku bwana alipohamishiwa Songea, Salima alikuja kuaga akakuta mlango wa mbele umefungwa kwa ndani. Aliagana na mlango. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia, niliona kwa macho yangu, msichana mzuri amevaa buibui jipya, anasema na mbao: mama, ninakwenda, nipe radhi yako. Hakujibiwa. Huko Songea akazaa mara mbili, na wote wawili walikufa kabla hawajatambaa. Habari zilipofika Kariakoo kila mtu alijua sababu, au alijifanya anajua. Mtoto hana radhi ya mama, atapataje kheri? Walisema dukani, walisema msikitini, walisema kwenye foleni ya maji, na Bi Hadia aliwaacha waseme. Wala hakukana wala hakukubali. Nadhani ilimpendeza kuogopwa mpaka Songea.

Halafu tumbo lake likaanza kujaa maji. Mwezi wa kwanza alisema ni gesi, mwezi wa pili akaacha kusema. Daktari wa Kihindi wa mtaa wa nyuma alimbonyeza, akatoka nje na Bi Kidawa, na mimi kutoka jikoni niliona kichwa chake kinavyotikisika. Wanawake wa nyumba tukaingia chumbani kumwomba. Tulimwambia Salima ni mjamzito mara ya tatu, mpe radhi mwanao, sema neno hapa mbele yetu sisi tutalifikisha. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema radhi si chumvi ya kuazimana juu ya ukuta. "Aje mwenyewe. Akipiga magoti hapa kwenye mkeka wangu, nitampa. Kwa mwingine siachi." Basi Mashaka akapeleka simu ya maandishi posta, na siku ya pili likarudi jibu: nakuja kwa ndege. Barabara ilikuwa imekatika kila mahali kwa mvua, lori halipiti. Tulisikia baadaye kwamba mumewe aliuza baiskeli na koti lake la harusi.

Jioni ile Bi Hadia alitaka atolewe uani. Tulimbeba na godoro lake. Akamwita Mashaka akamwambia, haya Mnyamwezi, nionyeshe Songea iko wapi. Bi Hadia alijua Kisarawe, Bagamoyo, na Lindi alikokuwa na ndugu wa ukoo, basi. Mashaka akachukua kijiti akachora mchangani: hapa Dar es Salaam, hapa chini Lindi, hapa ndani kidogo Nachingwea, na kule mwisho kabisa, karibu na mguu wa pipa, Songea. Ndege itatoka Songea, itatua Nachingwea kuchukua watu, itatua Lindi, itakuja hapa. Bi Hadia hakushughulika na Lindi, Lindi alikuwa akiijua, kwake mtu akishafika pwani ya kusini amefika nyumbani. Alichokitazama ni ile nafasi kati ya Songea na Nachingwea. Akaiwekea kiganja. Akauliza hapo ni mbali kiasi gani, na Mashaka akamwambia kwa lori ungelala porini mpaka uchoke, misitu, simba, mito haina madaraja. Na kwa ndege? "Kwa ndege ni mwendo wa saa moja, bibi," akasema. "Saa moja tu, Songea na Nachingwea." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema naye bila utani, na ndiyo mara pekee Bi Hadia alimwamini. Alirudia peke yake, saa moja, saa moja, tukimrudisha ndani.

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya ndege. Bi Hadia aliamka kabla yangu. Alitaka aoshwe, avalishwe khanga mpya, chumba kifukizwe udi, na mto wake usogezwe upande wa ukutani ili pawe na nafasi ya mtu kukaa kitandani. Hilo la mto nalikumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye kitanda kile. Akaniagiza samaki changu wa kukaanga, wawili, akaniambia nisiwaharibu kama nilivyoharibu ndoa yangu. Nilikaanga. Adhuhuri ikapita, samaki wakapoa. Alasiri Mashaka akarudi kutoka uwanjani ameloa chapachapa, akasimama mlangoni, akasema ndege imetoka Songea vizuri, imeshuka Nachingwea, mvua ikaikuta pale chini. Kiwanja ni cha udongo, magurudumu yamezama, haiwezi kuruka mpaka pakauke. Abiria wako salama. Bi Hadia akamuuliza kama Nachingwea amefika. Amefika, bibi. Basi mbona hayupo hapa?

Tulimweleza. Wallahi tulimweleza, mimi na Mashaka na wanawake wote, kwa zamu, mpaka koo zikakauka. Kutoka Nachingwea hadi hapa ni mbali vilevile, ni mbali kuliko kule alikotoka. Hakutaka kusikia. Yeye alikwisha hesabu saa yake moja, na saa imepita. Kichwani mwake mtoto alikuwa amevuka, amekaa mahali anakunywa chai. Siku ya pili mvua haikukatika Nachingwea, na siku ya tatu nayo hivyo hivyo, na Mashaka kila jioni alikuja kusimama palepale na habari ileile, na kila jioni Bi Hadia alimtazama kama mtu anayetazama mtani. Ule ndio ubaya wa utani. Ukiuzoesha mdomo wako mchezo, siku ya kusema kweli hauna pa kuanzia. Na Bi Kidawa kitini, badala ya kumtuliza dada yake, anachochea, anauliza kwa upole, sasa huyu mtoto angalikuwa na haja na wewe angaliacha mvua imzuie? Mimi kwa mama yangu ningetembea. Nilimwambia atembee basi hadi sokoni atuletee mkaa, akaninunia.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, Bi Hadia akaomba anyanyuliwe. Nilimshika mgongoni, Bi Kidawa akashika mkono. Alikuwa mwepesi kama mtoto, tumbo peke yake ndilo lilikuwa na uzito. Akasema maneno taratibu, kila moja peke yake. "Nilimbeba miezi tisa. Yeye kashindwa saa moja. Sina radhi naye." Nikamwambia Bi Hadia, kwa jina la Mtume, yafute hayo. Akageuza uso ukutani, upande ule ule aliousogezea mto. Alasiri haikuingia akawa ameshakufa. Nililia, na mpaka leo sijui nilimlilia nani.

Kuhusu maziko hapakuwa na mjadala mrefu. Mashaka alikuja mbio kutoka kazini akasema huko Nachingwea jua limetoka, wenzake wamesikia kwenye redio ya uwanjani, ndege itaruka kesho asubuhi, tumngoje binti auone uso wa mama yake. Wazee barazani walimsikiliza wakatabasamu, wakijua ni mtani kaja na mambo yake, watani ndiyo huzuia jeneza, ndiyo desturi, wakampa pesa ya kahawa na kumwambia apishe. Alishika miguu ya jeneza wakadhani anacheza. Watu walicheka. Yeye alikuwa analia, mimi nilimwona, lakini mvua ilikuwa inanyesha na nyuso zote zilikuwa na maji. Bi Kidawa akasema kutoka dirishani kwamba maiti hangoji ndege. Wakamzika kabla ya magharibi.

Nimeishi sana, nimezika wengi, na nimeona siku hizi msiba unavyofanywa kwa mahema na viti vya kukodi na watu wanatazama simu zao. Zamani palikuwa na kitu kimoja ambacho vijana hawakijui. Asubuhi ya matanga mtani huingia kwenye chumba cha marehemu, huvaa nguo zake, hukaa kitandani kwake, na huwa yeye. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagomba kama yeye. Watu wanamwita kwa jina la marehemu, wanamuuliza umetuachia nini, mbona umeondoka na deni la sukari, naye anawajibu. Kilio kinageuka kicheko, na mfiwa aliyekuwa amegoma kula anakula. Mashaka hakutaka. Nakumbuka aliketi ukumbini na kichwa mikononi. Bi Kidawa ndiye aliyemtupia ile khanga mpya akamwambia wewe ni mtani gani, unataka dada yangu aagwe kama paka?

Akavaa. Na alipovaa, loo, alikuwa Bi Hadia mtupu. Shingo ile, kidole kile, ule mguno kabla ya tusi. Aliketi kitandani akachukua kitumbua changu, akakimung'unya, akaniambia ndiyo maana niliachwa, na mimi niliyekuwa sijala tangu jana nikacheka mpaka nikakaa chini. Chumba kilijaa wanawake, wengine wamesimama kwenye ule mkeka usiokanyagwa. Mmoja akauliza, Bi Hadia, na mwanao je, hajaja? Nadhani Mashaka alikwisha lewa kicheko chetu. Alinyoosha kidole, akabana midomo kama Bi Hadia, na akasema kwa sauti yake hasa, neno kwa neno, kama Bi Kidawa alivyokuwa ameyatangaza mtaa mzima tangu jana: nilimbeba miezi tisa, yeye kashindwa saa moja, sina radhi naye. Watu wakaangua kicheko. Kikaanza kukatika kutoka nyuma, karibu na mlango, kikaja mbele kidogo kidogo, mpaka kitandani.

Salima alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Tope lilimfika magotini, limekauka, na tumbo lake lilikuwa kubwa chini ya buibui lile lile, sasa limepauka. Alikuwa ametoka uwanjani kwa miguu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kama mama kafa, alikuwa ameona watu barazani akaelewa. Hakulia. Alituuliza tu, ni kweli ndivyo alivyosema?

Mimi nilisimama. Nikasema, "Salima, amekupa radhi. Nilikuwa nimemshika mwenyewe, amekupa radhi." Na Bi Kidawa, bila hata kugeuza shingo, akaniita kwa jina langu, akasema, "Tatu, unamsingizia maiti?" Wanawake wote wakatazama chini. Walikuwa wanaogopa, kumzulia marehemu neno si jambo dogo, na mimi mwenyewe ni nani, mpangaji, muuza vitumbua. Salima alinitazama kwa muda. Alijua nimesema uongo. Aliniandikia miaka mingi baadaye, alipokuwa na watoto watano wote hai, na bado kila mmoja akishikwa na homa alikuwa anaketi macho anangoja afe, na katika kila barua alinishukuru kwa uongo ule. Lakini siku ile haukumfaa.

Akapita katikati yetu mpaka kitandani. Akapiga magoti kwenye mkeka, kwa shida, tumbo limemzuia, akaishika miguu ya Mashaka kwa mikono miwili. Mtani akiwa ndani ya nguo za marehemu ni marehemu, hilo alilijua kila mtu mle ndani, na yeye alilijua kuliko sote. "Mama," akasema, "ni mimi Salima. Nimechelewa. Nipe radhi yako."

Nilikuwa namtazama Mashaka mdomoni. Ilikuwa neno moja. Angelisema kwa sauti ya Bi Hadia, kwa kidole cha Bi Hadia, hata Bi Kidawa asingekuwa na la kusema, maana mtani hapingwi. Mtu huyu aliyekuwa akitania asubuhi na jioni, aliyemtania mgonjwa, aliyemtania mfu, mwaka mzima hakuwahi kukosa jibu. Midomo yake ilifunguka. Kisha akaifungua ile khanga mabegani, akaikunja, akaiweka kitandani pembeni yake.

"Dada, niachie miguu," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi ni Mashaka. Mimi ni mbeba mizigo tu."

Simsamehe. Watu wananiambia alimwogopa Mungu, na mimi nasema alimwogopa Bi Kidawa. Alihama wiki ile ile, wala sikuuliza alihamia wapi. Salima alibaki pale kwenye mkeka, mikono yake imeshika hewa pale miguu ilipokuwa, na hakuna mmoja wetu aliyejua kama amwinue au amwache. Bi Kidawa alikwisha keti kwenye kitanda cha dada yake, pale kwenye ile nafasi ya mtu mmoja, na alikuwa anainyoosha shuka kwa kiganja.

"Mpeni mgeni maji anawe," akasema. "Katoka mbali."